Udongo wa Mwisho Kutoka Shimoni

Usiku ule nililala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, jambo ambalo kwa mwalimu wa jiografia mwenye madaftari yasiyosahihishwa halitokei mara nyingi. Alasiri yake nilikuwa nimempa mdogo wangu Rajabu neno la kuanza kujenga.

Sisi huku juu Usambara hatuna ardhi tambarare ya kuchezea. Mtu akitaka nyumba huchonga mlima kwa jembe na sururu mpaka apate pa kuiweka, na nyuma ya jiko hubaki ukuta wa udongo uliosimama wima, ambao kuku hupenda kuuparua. Rajabu alikuwa na bahati. Nyuma ya nyumba ya mama, chini ya mlima, kulikuwa na sehemu iliyokaa kama ngazi pana, karibu tambarare. Alichonga kidogo tu upande wa mlimani ili apate nafasi ya kibaraza. Pembeni yaliota magimbi, mabichi hata kiangazi, na yeye alijisifu kwamba hajawahi kuyamwagilia hata kikombe. Mafundi wangeanza msingi Jumamosi. Mama, ambaye macho yake hayapatani tena na moshi wa jiko la zamani, alikuwa ameshachagua chumba.

Ila Rajabu aliniambia, "Dada, wewe ndiye unayefundisha watoto mambo ya miamba. Njoo utazame kabla mvua hazijaanza."

Nilikwenda na viatu vyangu vya shule. Zuberi, mchimbaji wa vyoo wa kijiji kizima, alikuwa amemaliza shimo la choo na kulifunika kwa mabati kwa sababu ya manyunyu. Kando yake kulikuwa na lundo la udongo. Nililitazama lundo lile kama daktari anavyotazama ulimi: juu mweusi, chini mwekundu. Nikamweleza Rajabu kwamba udongo mweusi ni wa majani yaliyooza, nao hukaa juu. Mwekundu ni jiwe lililooza, nao hukaa chini. Ardhi yake imejipanga kama inavyotakiwa.

"Jenga," nikasema.

Alifurahi hata akanibebea mkoba mpaka barabarani. Basi nikalala.

Nilikuwa darasani nikiandika ubaoni. Nyuma yangu dawati lililia kama linalobeba mtu mzima, na nilipogeuka, Mjomba Hoza alikuwa ameketi mstari wa mwisho.

Mjomba Hoza ni kaka yake mama. Alichimba visima na vyoo vya kijiji kabla ya Zuberi, na ndiye aliyemfundisha Zuberi kushika sururu. Alikuwa na mtindo wake. Kila alipofikia udongo wa rangi mpya alitoa konzi moja, akaiweka juu ya gunia lililotandikwa kando ya shimo. Ya kwanza mwisho kabisa wa gunia, zinazofuata zikija karibu na shimo, moja moja. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nachuchumaa pale na kusoma gunia lile kabla sijajua kusoma kitabu. Amefariki. Nilikuwepo msibani. Nililijua hilo muda wote wa ndoto, na halikunisumbua, kama mtu asivyosumbuliwa na kujua kwamba leo ni Alhamisi.

Amevaa kaptula yake ya kazi. Miguu ni myekundu mpaka magotini, na nyuma ya sikio amechomeka msumari wake wa inchi sita. Magoti hayaingii chini ya dawati. Ananyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaburi langu alichimba nani?"

Nikamwambia ni Zuberi, na wenzake wa msikitini.

"Nilijua. Ukuta wa kushoto umepinda. Nimelala pale nautazama kila siku."

Nikaomba radhi kwa niaba ya kijiji. Akasema hana kinyongo, mahali penyewe pazuri: udongo mwekundu, chini yake jiwe bovu linalomeguka mkononi, chini yake jabali. "Majirani wanyamavu," akasema, na darasa zima likacheka, ingawa sikumwona mwanafunzi hata mmoja.

Kisha ninaona ana jiwe mbele yake, lile jiwe la huku kwetu lenye mistari myeusi na myeupe. Ananiita nikae. Ninakaa, na dawati ni kubwa kwangu, miguu yangu inaning'inia.

"Jiwe ni pilau," ananiambia. "Mtu akila pilau hasemi amekula kitu kimoja. Mna mchele, mna nyama, mna bizari. Madini ndiyo hayo. Haya, chambua."

Ananipa msumari. Ninakwaruza sehemu nyeupe inayong'aa kama kioo. Msumari unateleza, jiwe halina hata alama. Ninakwaruza kipande cheusi kinachometameta, nacho kinabanduka kwa ukucha tu, jani baada ya jani. Ni ulanga. Utotoni niliukusanya kwenye kopo nikidhani ni fedha, na mjomba hakunisahihisha kwa mwaka mzima, alisema sikuwa na haraka ya kuwa maskini. Kuna punje nyekundu kama mbegu za komamanga. Nazo ni ngumu, zinaushinda msumari. Halafu kuna ile sehemu ya nne, iliyopauka kama jino la mzee. Ninaigusa kwa msumari nayo inakuwa unga.

"Huyu," mjomba anasema, "ndiye wa kumwangalia. Akiwa mpya ni mgumu. Mvua zikimzoea anageuka udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ukilowa unateleza. Mlima wote umemkalia yeye."

Nikainuka niyaandike hayo ubaoni. Ubao ulikuwa ukuta wa jiko la mama, mweusi kwa masizi, na chaki haikuandika.

Mama anasukuma chapati. Hatutazami. Mjomba ameketi kwenye kigoda, ametandika kanga ya mama magotini ili asichafue jiko kwa udongo wa kaburini, na mbele yake kuna hotpoti imejaa.

"Iliyopikwa kwanza iko wapi?" ananiuliza.

"Chini kabisa."

"Umejuaje? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini haiwezekani chapati ikawekwa chini ya nyingine ambayo bado haijapikwa."

Anatikisa kichwa kwa furaha kama nimepasua jabali kwa ngumi. Anachukua kisu, anazikata zote kwa pamoja, toka juu hadi chini. Mkato ni mweupe, umenyooka kama ule mshipa wa jiwe jeupe unaopita katikati ya mwamba wa mtoni kwetu.

"Na kisu kilikuja lini?"

"Baada ya chapati zote kilizozikata."

"Saa ngapi?"

"Sijui, mjomba."

"Wala sihitaji. Ukikuta watu wamepanga foleni hospitali, hujui umri wa mtu hata mmoja, lakini unajua nani alimtangulia nani. Mimi nimechimba maisha yangu yote kwa kujua foleni tu. Miaka waachie wenye mashine."

Nilitamani dakika ile ikae. Sauti ya mti wa kusukumia chapati, mafuta yakichemka, na mjomba akisema vitu ambavyo nilivisema mimi darasani kwa maneno marefu zaidi na havikueleweka vizuri hivi. Lakini ameinua hotpoti. Anaibinua juu ya sinia, puu, na chapati zinakaa pale kwa rundo lilelile, duara lilelile.

"Haya. Iliyopikwa kwanza iko wapi?"

"Chini," nikasema. Nilisema upesi, kama mtu anayejua.

Mama akacheka bila kugeuka. Mjomba alichukua chapati ya juu akanitia mkononi, nayo ilikuwa baridi. Akachomoa ya chini kabisa. Ilikuwa ya moto, inatoa mvuke, akalazimika kuirusha kutoka kiganja hiki hadi kile.

Nilielewa kwamba kuna kitu sijakielewa. Ni hisia ninayoiona kila siku kwenye nyuso za wanafunzi, na sikujua kwamba inawasha hivi.

Mjomba akamwaga mahindi makavu sakafuni, debe zima. Yanajikusanya yenyewe kuwa kilima kidogo, mteremko wake sawa pande zote. Anaongeza konzi juu, na punje zinateremka mpaka mteremko urudi palepale.

"Mahindi yana mwinuko yanaoukubali," anasema. "Udongo nao una wake. Ukiuacha hapo ulipochagua, mtaishi vizuri miaka na miaka. Sasa toa punje za chini. Kidogo tu. Za kibaraza."

Mkono wangu unakwenda wenyewe. Ninatoa punje mbili tatu za chini, na juu kabisa, mbali na kidole changu, mahindi yanaanza kumiminika. Ndipo ninaona kwamba chini ya kilima kuna nyumba ndogo kama kiberiti. Mtu mmoja, mdogo kama punje ya maharage, anapanga tofali huku akipiga mluzi. Ninaujua mluzi ule. Dirishani kuna mwanamke anatundika pazia.

"Rajabu," ninaita, na sauti haitoki. Mvua inaanza kunyesha jikoni, juu ya mahindi tu.

Mjomba ameegemeza kiganja chake kipana kwenye kilima. Punje zinasimama.

"Nimeushika," anasema. Hana wasiwasi hata kidogo. Maji yanapita kati ya vidole vyake, na pale yanapotokea, chini kabisa, magimbi yanaota, mabichi, yanakua nikiyatazama. "Hujajiuliza nani anayamwagilia magimbi ya Rajabu? Maji yamo ndani ya mlima, mwanangu, yanatafuta pa kutokea. Mimi nimeushika, lakini mimi ni marehemu. Ruhusa yangu si ndefu."

"Nifanye nini?"

"Njoo shimoni."

Na tuko shimoni. Juu yetu kuna kipande cha mbingu, duara, buluu, na mwanga unafika mpaka chini kama ni saa sita mchana. Tumesimama kwenye ngazi ya Zuberi, mjomba chini, mimi juu yake, kama tulivyokuwa tukifanya zamani mama akiwa hayupo. Anapitisha kiganja ukutani. Kando ya kichwa changu ukuta ni mwekundu, na mawe yenye ncha yamechanganyika ndani yake, makubwa kwa madogo, mengine kichwa chini, kama vyombo vya mtu aliyehamishwa kwa haraka.

"Jiwe lililooza mahali pake linakaa na mistari yake," anasema. "Haya hayakuzaliwa hapa. Yamekuja. Shuka."

Ninashuka. Mwekundu na mawe. Ninashuka tena. Na kwenye vidole vya miguu yake kuna mkanda mweusi, laini, unanukia kama bustani baada ya mvua. Ndani yake kuna vipande vya mkaa na kigae cha chungu. Ninagusa ule mweusi, na una joto, kama jiko lililozimwa alfajiri.

"Watu walipika hapa," mjomba anasema taratibu. "Palikuwa juu. Palikuwa uwanja wao. Nani alitangulia?"

"Wapishi," ninasema. "Halafu mlima."

"Na mlima umelala hapo tangu siku hiyo, mkaona pametandikwa vizuri, mkasema hapa panafaa."

Ananitazama. Macho yake ni yaleyale, yenye vumbi kwenye kope.

"Mwalimu. Ulitazama shimo, au ulitazama lundo?"

Chapati ya baridi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Hakunikaripia. Alicheka, kile kicheko chake cha kisimani ambacho hupanda ukuta na kutoka juu kikiwa kikubwa kuliko kilivyoingia. "Usijute sana. Kisima changu cha kwanza mwenzangu ndiye aliyeshuka, nami huku juu nikatazama lundo kama wewe. Nikawatangazia watu kwamba mchanga wa maji upo juu, karibu tu. Walinicheka mpaka siku ninaoa. Ndipo nikaanza kutandika gunia." Akachomoa msumari nyuma ya sikio akanipa. "Wewe una akili. Ulikosa gunia tu. Nenda kamuulize Zuberi nini kilitoka mwisho."

Akaanza kupanda ngazi, akanipita, ingawa shimo lilikuwa la mtu mmoja. Juu akasimama, akaziba duara la mbingu.

"Na ule ukuta wa kushoto," akasema, "mwambie nimemsamehe."

Niliamka nimekunja ngumi. Haikuwa na msumari wala chapati. Majogoo walikuwa wanawika, dirisha limeanza kuwa jeupe, na juu ya bati manyunyu yalikuwa yamekatika. Sikunywa hata chai. Nilivaa ndala, nikachukua gunia tupu la mahindi nyuma ya mlango, nikateremka kwa mama.

Zuberi alikuwa ameshafika kuchukua ngazi yake. Rajabu alikuwa anapiga mluzi akinyoosha kamba za msingi, na mama ameketi kizingitini akimenya viazi. Sikuwasimulia kitu kwanza. Niliogopa kwamba nikianza na ndoto, nitaishia na ndoto.

"Zuberi, kwenye shimo hili, nini kilitoka mwisho?"

"Mweusi," akajibu palepale. "Mwekundu na mawe mpaka kifuani, mwekundu na mawe mpaka kichwa kikazama, halafu mweusi, laini kabisa. Sururu ilipumzika."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Halafu mwalimu ulishasema ardhi imejipanga."

Tukaondoa bati. Niliutazama ukuta wa shimo, ambao jana sikuutazama kwa ajili ya viatu, na ulikuwa kama nilivyouona. Zuberi aliingiza mkono mfukoni akatoa kigae kidogo cha chungu, kimechongwa mistari ukingoni. "Hiki nacho kilikuwa humo chini. Nilidhani ni cha mama yenu."

"Mimi sijawahi kuwa na chungu cha mistari," mama akasema kutoka kizingitini.

Rajabu alikuwa ameacha mluzi. Alikitazama kigae, akautazama ukuta aliouchonga nyuma, kisha akainua macho taratibu mpaka juu yake. "Dada, kule juu kuna ufa," akasema. "Kidole kinaingia. Nilidhani ni jua tu."

Nikamweleza polepole: lundo husimama kwa kichwa. Kinachotoka kwanza hukaa chini, kinachotoka mwisho hukaa juu, kwa hiyo mweusi niliouona juu ya lundo ndio ulikuwa chini kabisa ya shimo. Udongo mweusi ukiukuta chini hivyo, kuna kitu kilikuja kikalala juu yake. Mlima ulishashuka hapa mara moja, unanywa maji ndani, na sisi tumeukata miguu. "Nilikosea," nikasema. "Usijenge hapa. Kata mfereji pale juu ya ufa, maji ya mvua yapite pembeni, na usiguse tena hapa chini. Nyumba ipeleke kule mama anakoanika maharage. Pale jabali liko juu, na mistari yake imelala kuingia mlimani, haina pa kutelezea."

"Dada, kule ni jiwe tupu. Choo atachimba nani?"

Zuberi akaanza kuitazama ngazi yake kwa makini sana.

"Chumba changu kiangalie jua la asubuhi basi," mama akasema, na kwa upande wake nyumba ilikuwa imeshahama. Akaweka kisu chini. "Sasa tuambie. Jana ulisema jenga, leo umekuja na gunia kabla ya chai. Umemwota nani?"

"Mjomba Hoza."

Hakuna aliyecheka. Mama alipangusa mikono kwenye kanga. "Hajambo?"

"Hajambo. Ana udongo mpaka magotini. Analalamika kwamba ukuta wa kushoto wa kaburi lake umepinda, ila amesema amemsamehe aliyechimba."

Zuberi aliiegemeza ngazi.

"Kulikuwa na jiwe upande ule," akasema mwishowe. "Nilijua ataliona."

Kisha akalichukua gunia mkononi mwangu, akalitandika kando ya shimo, akapiga magoti, akachota konzi ya kwanza chini kabisa ya lundo, na akaiweka mwisho wa gunia, mbali na shimo.